Kumhifadhisha mtoto Juzuu Amma (juzuu ya mwisho ya Kurani) nyumbani: kisomo cha simu, msahafu au mdomo wa mzazi?

MamaMapacha
Assalamu alaykum. Mwanangu ana miaka sita, ameshahifadhi kuanzia An-Nas, sura ya mwisho, kurudi nyuma mpaka Al-Fil. Sasa nyumbani kila mtu ana lake. Baba yake anataka tumwekee kwenye simu kisomo cha Al-Husary, yule msomaji wa Misri, kijirudie mpaka kimkae. Mimi nataka asome kwenye msahafu, aone herufi. Mama mkwe anasema nimsomee aya kwa aya naye anaitikia, basi. Madrasa anaenda wikiendi tu. Waliojaribu, ipi inashika zaidi?

Kalamu_Kavu
Walaykum salaam dada. Kisomo cha kusikiliza kina faida moja kubwa: makharij, yaani mahali kila herufi inapotokea mdomoni na kooni. Wazazi wengi tunatamka ح na ه sawasawa, na mtoto anachukua vilevile. Akimsikia msomaji mahiri kila siku, sikio linajengeka. Tafuta kile cha kufundishia, kama cha Al-Minshawi, msomaji mwingine wa Misri, ambacho watoto wanaitikia baada ya sheikh; kinamlazimisha mtoto afungue mdomo.

Ila angalia unachopakua. Al-Husary alirekodi msahafu mzima kwa riwaya (njia ya kusoma iliyopokewa) ya Hafs mwaka 1961, na baadaye akarekodi kwa riwaya nyingine, ya Warsh. Kwa Hafs, Al-Fatiha ina "maaliki", yenye madd, yaani kuvuta sauti. Kwa Warsh ni "maliki". Zote ni sahihi, lakini mtoto wa miaka sita usimchanganye.

UstadhMstaafu
Bibi yake mtoto, mama mkwe wako, yuko sahihi. Kurani hupokewa kwa mdomo, mwanafunzi anamwangalia mwalimu midomo. Simu haimkatizi mtoto akikosea. Atarudia kosa lake pamoja na sheikh kwa furaha kabisa, na kosa likishakaa kwenye ulimi, kuling'oa ni kazi kuliko kuhifadhisha sura mpya.

BabaWaTano
Ustadh, kwa heshima, na mzazi ambaye naye anakosea je? Wengi wetu tuliishia juzuu moja, tena kwa haraka. Mimi niko upande wa msahafu, na sababu yangu ni Al-Kafirun. Aya ya 3 na ya 5 ni zile zile, "wala antum abiduna ma a'bud". Mtoto anayehifadhi kwa sikio tu akifika ya 3 anarukia ya mwisho, "lakum dinukum", au akifika ya 5 anarudi ya 4 na kuzunguka hapo hapo. Wangu aliacha kupotea siku alipoziona mbili kwa macho yake, moja juu, moja chini. Sikio halina juu wala chini.

UstadhMstaafu
Hapo nakubali, baba. Basi chagueni chapa moja na msiibadilishe. Ule wa Madina una kurasa 604, mistari 15 kwa ukurasa, na kila ukurasa unamalizika na mwisho wa aya. Mtoto anahifadhi na mahali aya ilipokaa. Ukimpa chapa nyingine, anapotea. Kuhusu mzazi asiye na uhakika: asimfundishe sura mpya. Amsikilize tu zile alizosahihishiwa madrasa, huku ameshika msahafu.

Umm_Tulivu
Mnabishana njia ya kuingiza, hakuna anayeuliza inavyotoka. Mtume (s.a.w.) ametuambia Kurani inaponyoka upesi kuliko ngamia kwenye kamba zake, hadithi hiyo iko kwa Bukhari na Muslim. MamaMapacha, kabla ya Al-Humaza, sura yake inayofuata, mwambie leo hii akusomee Al-Maun bila kuanziwa. Akikwama, simamisha sura mpya. Na zile fupi azisome kwenye swala, kwa zamu, siyo Al-Ikhlas kila rakaa (watoto wajanja sana kwa hilo).

MamaMapacha
Umm_Tulivu umenikamata, Al-Maun kaanza vizuri kisha akaingia Quraysh! Basi tumegawana: simu ni ya baba yake, wakiwa njiani na kabla ya kulala. Sura mpya inatoka madrasa. Mimi na msahafu tunamsikiliza baada ya Alfajiri, ya zamani kwanza. Bibi kapewa Al-Fatiha na zile tatu za mwisho, na hataki mtu amwingilie. Ustadh, nikifika Al-Bayyina nifanyeje? Nimeona aya ni nane tu lakini ndefu mno kwa pumzi yake.

UstadhMstaafu
Wengi hukwama hapo. Ikateni kwa mazoezi tu. Aya ya kwanza: mpe mpaka "wal-mushrikina", airudie mpaka iteleze. Kipande cha pili kianze kwa kulirudia neno hilo hilo, "wal-mushrikina munfakkina", mpaka mwisho, ili pasibaki pengo katikati. Kisha aisome yote kwa mfululizo siku hiyo hiyo, asije akazoea kusimama pale, maana maneno hayajakamilika. Pumzi ikimwishia, asimame, arudi maneno machache nyuma, aendelee. Na msifike huko kabla ya Az-Zalzala kukaa sawa.