Injini ya kreti yenye sili zake imekataliwa daraja la stoku, iliyochongwa imepita!

Wakuu, nimetoka jana usiku kwenye uwanja wa mbio za magari za mstari mnyoofu, nilikotaka kuingia daraja la stoku (la magari yanayobaki na vifaa vya kiwandani), na hadi sasa hasira haijanitoka.

Niko Ohio. Nina Camaro ya 1979, injini yake ilipasuka bloku mwaka jana. Nikajichanga nikanunua injini ya kreti ya Chevrolet, yaani injini mpya nzima inayouzwa na kiwanda ndani ya kreti, ile 602: inchi 350 za ujazo, nguvu za farasi 350, hedi za chuma. Wanaoijua wanajua inavyotoka kiwandani. Kwenye hedi, manifoldi, kava la mbele na sampu (bakuli la oili) kuna bolti ambazo kichwa hukatika zikikazwa; hizo ndizo sili, hivyo ukiifungua tu unajulikana. Sijaigusa ndani. Hata sili moja!

Na kabla sijatoa hela nilipiga simu uwanjani. Nikajibiwa, "Njoo nayo, haina shida." Wiki sita mimi na mdogo wangu tunaifunga baada ya kazi. Jana mkaguzi kainua boneti, kaangalia dakika mbili, kasema injini hii haikuja na gari hili, nenda breketi, yaani daraja la kushindana kwa muda unaoutabiri mwenyewe.

Sikilizeni, sheria naielewa. Stoku ya NHRA, chama cha mbio hizi Marekani, unachukua uzito wa gari unagawanya kwa farasi zinazotambuliwa za injini, ndipo unapata daraja. Camaro ya aina ya Z28 ya 1979 ilitoka kiwandani na farasi 175. Gari likiwa na ratili 3,500, kila farasi anavuta ratili 20. Nikiingiza 350 kimyakimya nikabaki daraja lile lile, huo ni wizi na nitastahili kufukuzwa. Lakini mimi nilimwambia mkaguzi mwenyewe: nihesabie 350 kamili, ziwe ratili 10 kwa farasi, nipeleke kule juu kwenye magari makali. Nilikuwa tayari kupigwa huko. Kakataa bila hata kufungua kitabu.

Kilichoniuma zaidi ni gari aina ya Nova iliyokuwa mbele yangu kwenye foleni. Bloku imetobolewa upya, viti vya valvu vimechongwa, kamshafti (shafti inayofungua valvu) si ya kiwandani. Imepita, kwa sababu stoku inaruhusu kamshafti yoyote mradi valvu inainuka kwa kipimo cha kiwandani. Sina ugomvi na mwenye Nova, kafuata sheria na fundi wake anajua kazi. Ila nielezeni, kati ya injini ile na yangu ambayo haijawahi kufunguliwa, ipi ni ya kiwandani?

Wala msiniambie stoku ni magari ya barabarani tu. COPO Camaro za 2012, Camaro za mashindano zilizotengenezwa na kiwanda chenyewe, zilikuwa 69, haziruhusiwi kutembea barabarani, nyingine zina supachaja (kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi), na nafasi zao stoku wanazo. Kiwanda kikileta gari zima la mashindano linapokelewa. Mtu wa mshahara akinunua injini ya kiwanda hicho hicho, anaonekana mjanja.

Kama kreti hamzitaki, andikeni! Kama mnazitaka, tajeni namba za injini, kagueni sili, pimeni gari, mtupe daraja letu. Siyo simu iseme hivi na mkaguzi aseme vile. Ada ya kuingia nayo hawajanirudishia.

Barua naipeleka Jumatatu. Mwenye karatasi ya sheria za uwanja wake inayotaja kreti kwa maandishi, naomba aiweke hapa niende nayo.