Aliyeomba ngono faini milioni 5, aliyesema anadaiwa milioni 150!

Wakuu, nimevurugwa, mtanisamehe lugha.

Mdogo wangu yuko mwaka wa pili, chuo nakihifadhi. Mwalimu alimwita ofisini akamwambia waende wakapumzike mahali Jumamosi, la sivyo atamkamata kwenye somo lake mpaka adisko (afukuzwe chuo kwa kufeli). Hayo aliyasema mlango umefungwa. Kwenye simu ameacha mafumbo tu: "njoo turekebishe ile karatasi", saa 5 usiku.

Binti akaandika barua dawati la jinsia la chuo. Ila kabla ya barua aliwauliza wenzake kwenye grupu la WhatsApp kama kuna mwingine yamemkuta. Wakajitokeza wawili.

Barua mpaka leo haijajibiwa. Kilichojibiwa ni grupu. Wiki iliyopita kaletewa notisi ya wakili, kurasa mbili na muhuri: amemchafua mheshimiwa, aombe radhi kwa maandishi ndani ya siku 7 na alipe milioni 150. Huyu huyu ambaye boom (hela ya mkopo ya kujikimu) likichelewa anashindia mihogo!

Sasa nikasoma Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya 2007, kifungu cha 25 kama kilivyopitishwa mwaka huo. Mwenye mamlaka akiomba rushwa ya ngono na akatiwa hatiani: faini isiyozidi milioni 5, au jela isiyozidi miaka 3, au vyote. Piga hesabu mwenyewe.

Mtaniambia kuna sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa. Ipo. Inamlinda aliyepeleka taarifa kwa mamlaka husika kwa nia njema. Grupu la darasa si mamlaka, na wakili kang'ang'ania hapo hapo. Jamani, nani anaanzia TAKUKURU (taasisi ya kupambana na rushwa) bila kumwambia shoga yake kwanza?

California wameliona hili. Tangu Januari 2024, aliyesimulia unyanyasaji wa kingono bila nia ovu analindwa, na akishinda kesi ya kashfa aliyofunguliwa, aliyemshtaki anamlipa gharama za wakili na hasara mara 3. Hapa kwetu binti ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kilichosemwa ndani ya ofisi iliyofungwa.

Wale wawili? Wameshafuta meseji zao, mmoja kajitoa kabisa kwenye grupu.

Wanasheria mliomo humu, notisi tunaijibu kwanza au tunaanzia TAKUKURU? Zimebaki siku 3. Na wale wa "alivaaje", piteni kimya.