Kotizasio ya klase ya Neema

*JAMAA YA KOKO 🌾*

*Koko 19:02*
Jambo kwenu bote. Hapa ni Neema, ninaandika kwa simu ya Koko, mzee wetu. Tarehe 30 Aprili, siku ya walimu, klase yetu itafanya sherehe na papo hapo sisi finalisti, wa mwaka wa mwisho, tunaagana. Kila mtu anachanga dola 15. Mwisho wa kulipa ni Ijumaa 🙏

*Tantine Jolie 19:04*
Kumi na tano?? Neema, muko wangapi mle klase?

*Koko 19:04*
14, Tantine

*Tantine Jolie 19:06*
14 mara 15 ni 210. Kwa 210 hapa Kadutu ya Bukavu kuna mtu anaoa na kurudishiwa chenji 😂

*Ya Patrick 19:07*
Tantine usimutishe mutoto. Neema, tuma mchanganuo.

*Koko 19:11*
T-shirt yenye majina yetu mgongoni 7
Chakula 3
Sikre (soda) 2
Muziki na jenereta 2
Zawadi ya titulere (mwalimu wa klase) 1

*Tonton Deo 19:13*
Yaani siku ni ya mwalimu, mwalimu anapata dola moja, shati linapata saba.

*Mama Neema 19:14*
Mimi nilisema hivyo hivyo nikaambiwa sijui mambo ya siku hizi. Na titulere huyo ndiye anawafundisha hesabu, fizikia na kemia, yote peke yake. Shule ndogo, hakuna wa kumsaidia.

*Ya Patrick 19:15*
Lakini Mama, finalisti bila T-shirt? Hata huku Bukavu shule zote wanazo.

*Tonton Deo 19:24*
Patrick ngoja. Mwaka 1984 nilikuwa klase ya sita, huko huko Walungu kwa Neema. (Leo munasema ya nne humanite. Sisi tulisema sita na kila mtu alielewa.) Tulikuwa 9. Bumu yetu, sherehe ya kucheza, tuliifanyia ndani ya klase ya tano, madawati tukayasukuma ukutani. Radio-kaseti ya katekista, mawe yake sita (betri) tuliyaanika juu ya bati toka asubuhi yapate nguvu. Taa ya petromaksi ya parokia. Prefe, mkuu wa shule, alikaa mlangoni na tochi: mvulana na msichana wakisogeleana, anawamulika miguu. Hasemi kitu. Anamulika tu.
Kaseti ilikuwa ya Franco. Nyimbo tatu zilienda vizuri, wa nne mawe yakachoka, sauti ikawa ya ng'ombe mwenye kuzaa. Tukamalizia na ngoma ya kwaya.

*Tantine Jolie 19:25*
😂😂😂 ng'ombe mwenye kuzaa

*Ya Patrick 19:26*
Na kotizasio ilikuwa ngapi Tonton?

*Tonton Deo 19:30*
Kikapu. Kila nyumba ilileta ilicho nacho. Ndizi, maharagi, viazi vitamu, na kuku mmoja mzee aliyechemka toka misa ya asubuhi na bado alikuwa anatushinda meno. Wazazi walikuja na kasiksi yao, pombe ya ndizi, wakakaa nyuma ya shule, eti wanatuchunga. Prefe akalazimika kuwachunga wao.

*Koko 19:38*
Koko ananiambia niandike hivi: yule mutoto wa jirani mwenye kukaa benchi moja na Neema, toka juzi anazungukia njia ya bondeni ili asikutane na mutunza-kasha.
Koko!! Sikutaka niandike hiyo

*Mama Neema 19:39*
Yule wa mapacha?

*Koko 19:41*
Ndiyo Mama. Minervali yenyewe, pesa ya shule, hajamaliza. Na bado pesa ya Egzeta, mtihani wa taifa. Wako 4 hawajalipa ya sherehe. Wameshasema tarehe 30 watakuwa wagonjwa.

*Tantine Jolie 19:41*
Wote wanne?

*Koko 19:42*
Wote wanne. Mmoja alisema malaria, mwingine akasema aliyesema malaria amemwibia ugonjwa 😔

*Tantine Jolie 19:47*
Basi.
Ondoeni hayo mashati. Mimi ninatuma kreti mbili za sikre kwa gari ya Walungu, lakini chupa zirudi, munanisikia? Chupa zirudi.

*Mama Neema 19:48*
Sambaza kavu, samaki wadogo, ninazo. Sombe, majani ya mihogo, itatoka shambani kwa Koko.

*Ya Patrick 19:50*
Bafle yangu ya muziki iko. Inajichaji, jenereta ya nini tena. Neema, shati leupe la iniforme mutasainiana na biki siku ya mwisho ya Egzeta, ni bure. Na poda ya kushangilia mungojee matokeo kwanza, musijimwagie kabla Mungu hajasema.

*Koko 19:53*
Shida ni kapita, kiongozi wa klase. Alishatoa avansi ya dola 20 kwa mutu wa kuchapa. Ni pesa ya baba yake mwenye duka.

*Tonton Deo 19:55*
Usimwendee kapita. Mwendee titulere, asubuhi mapema, kabla ya kengele. Umwambie habari ya wagonjwa wanne, peke yake, bila majina. Mwalimu wa hesabu atajua kutoa nne kwenye kumi na nne.

*Tantine Jolie 19:56*
Na umwambie Tantine wako alishangaa ile dola moja.

*Koko 19:56*
Tantine apana 🙈

—kesho yake—

*Koko 17:20*
Neema hapa. Titulere amekubali. Chakula ni kikapu, kila nyumba inaleta. T-shirt ni kwa anayetaka na si siku ile. Kapita amenuna, lakini mama yake ameshaahidi unga wa bugali. Tunaanza saa nne, kabla misa haijatoka vizuri, saa kumi na moja jioni prefe anazima kila kitu kwa sababu ya mvua na giza.

*Mama Neema 17:22*
Na wagonjwa?

*Koko 17:23*
Watatu wamepona. Yule wa benchi yangu anauliza kama kikapu kinaweza kuwa mihogo tu.

*Mama Neema 17:23*
Mihogo ni chakula. Mwambie alete.

*Ya Patrick 17:31*
Bafle nimempa motari wa pikipiki leo. Chaji ni masaa sita hivi.

*Tonton Deo 17:33*
Ikichoka muianike juu ya bati.

*Ya Patrick 17:33*
Tonton ile haianikwi!! Itayeyuka!!

*Koko 17:36*
Koko anauliza bati la nani