VirtualBox, VMware ama KVM: Windows inazima skrini katikati ya kazi, nihamie wapi?

mchoraji_ksm (Kisumu)

Habari zenu wakuu. Niko hapa Kondele, kazi yangu ni kuchora ramani za mashamba, yaani seveya anarudi na vipimo vyake kutoka Siaya ama Vihiga, mimi ndio naviingiza kwa AutoCAD, programu ya kuchora, halafu tunaprinti. Laptopu ni HP EliteBook 840 G3 ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha 6, RAM 8GB, kadi ya picha ni hiyo Intel HD 520 inakuja nayo. Kwa mashine yenyewe kuna Ubuntu 22.04, Windows 10 iko ndani ya VirtualBox, ile programu ya kuendesha kompyuta ya kuigiza (VM) ndani ya ile ya kweli, na nimeipa RAM 6GB. AutoCAD ni ya 2018.

Sasa shida ni hii, nikiwa nimezama kwa kazi skrini ya Windows inaganda, inakuwa nyeusi kama sekunde tatu nne hivi, halafu inarudi na ujumbe ati draiva ya skrini iliacha kujibu lakini imeamka tena. Ikifanya mara moja AutoCAD inabaki, ikirudia inajifunga na chochote sijasevu kimeenda. Wiki iliyopita ilienda hadi ile skrini ya bluu, imeandikwa VIDEO_TDR_FAILURE, nikapoteza mipaka ya shamba ambalo ndugu wanne walikuwa wanagawana, na walikuwa wanakuja asubuhi kuangalia, kwa hivyo nikakesha nikirudia kila pointi. Hiyo kitu iliniuma sana.

Nimechoka na VirtualBox. Nimesikia VMware, programu kama hiyo, sasa ni bure, wengine wanasema KVM ya Linux. Mtu ambaye ametumia zote aniambie ukweli, nihamie gani?

lanet_tech (Nakuru)

Pole sana kaka. Mimi nilihama na sijajuta. VMware Workstation Pro ilikuwa ya kulipa miaka yote, Mei 2024 wakaifanya bure kwa matumizi ya nyumbani, Novemba mwaka huo huo ikawa bure hata kwa kazi, kwa hivyo usiogope. Itabidi ufungue akaunti kwa Broadcom ndio udaunlodi, hapo weka moyo wa subira.

Kwa upande wa picha iko mbele ya VirtualBox, hilo sibishani na mtu. Ukizumu mchoro mkubwa unaona tofauti saa hiyo hiyo, haikwaruzi. Lakini kuna mtego kwa nyinyi wa Linux wenye Intel: unaweza washa VM ikuambie hakuna 3D kwa mashine yako, kumbe iko, ni vile wameweka draiva zingine kwa orodha ya zile hawaziamini. Unafungua faili ya ~/.vmware/preferences unaongeza mstari huu:

mks.gl.allowBlacklistedDrivers = "TRUE"

Unazima VMware yote unawasha tena. Halafu ndani ya Windows lazima uweke VMware Tools, draiva zake za ndani, bila hiyo hautaona tofauti yoyote.

hesabu_bungoma (Bungoma)

Mimi niko KVM mwaka wa pili sasa. Nafanya hesabu za shule, programu ni ya Windows, mashine ni Debian. Haijawahi nizimia skrini hata siku moja. Lakini kaka nikwambie wazi usije ukanilaumu, mimi kazi yangu ni namba na risiti, sina mchoro wowote. Draiva ya virtio, ile ya KVM, unaipata kwa ile ISO (faili ya diski) ya virtio-win na inafanya skrini vizuri tu, ila kwa Windows haikupi 3D. Ile 3D ya virgl watu wanasifia ni ya wageni wa Linux, yaani Linux ikiwa ndio iko ndani ya VM. Kwa hivyo kama AutoCAD yako inataka 3D, KVM itakuangusha mapema.

Na usiweke QXL, kadi nyingine ya kuigiza ya KVM, nilianza nayo, skrini ilikuwa inachanika chanika nikibadilisha ukubwa wa dirisha.

mwalimu_njoro (Njoro)

Ndugu mchoraji, kabla hujahama, ngoja kidogo. Nafundisha vijana Linux na hii shida nimeiona kwa mashine nyingi, na mara nyingi mtu anahama anabeba ugonjwa wake anaenda nao.

Huo ujumbe wa draiva kuacha kujibu unatoka kwa kitu cha Windows kinaitwa TDR. Windows ikituma kazi kwa kadi ya picha inahesabu sekunde 2, hiyo ndio kawaida yake, na kama hizo sekunde zimeisha bila jibu inaamua kadi imekufa, inaizima na kuiwasha upya. Ndio ile nyeusi unaona. Ikishindwa kuiamsha ndio unapata skrini ya bluu. Sasa kwa mashine ya kawaida hiyo ina maana kadi ama draiva yake ina shida kweli. Lakini wewe uko ndani ya VM, kadi yako ni ya kuigiza, na anayejibu kwa niaba yake ni Ubuntu huko chini. Ubuntu ikiwa imelemewa na kitu kingine kwa sekunde 2 tu, Windows inaona kadi imekufa na hakuna kitu kimekufa. Mgeni analalamika chakula kimechelewa na shida iko jikoni.

Kwa hivyo swali la kwanza ni nani ameanguka, mwenyeji (Ubuntu) ama mgeni (Windows). Kwa Windows fungua Event Viewer, upande wa System, tafuta namba 4101, ndio rekodi ya draiva kuacha kujibu, andika saa kila moja ilitokea. Kwa Ubuntu piga hii:

journalctl -k -b | grep -i i915

Hiyo i915 ni draiva ya Intel. Ukiona GPU HANG, yaani kadi imeganda, kwa saa zile zile basi Intel ya mwenyeji ndio inaanguka, na hapo hata ukienda VMware itaanguka tu kwa sababu zote zinapitia kwa hiyo hiyo. Ukikosa, angalia RAM. Umepea Windows 6GB kwa mashine ya 8GB, Ubuntu imebaki na 2GB na hapo bado kuna brauza na WhatsApp. Piga free -h ukiwa unachora, kama swap, ile sehemu ya diski inayosaidia RAM, imejaa hapo ndipo sekunde zako zinaenda.

Nikuulize pia, VirtualBox ni toleo gani na Guest Additions, zile draiva zake ndani ya Windows, ni toleo gani? Na inatokea saa ngapi, ukifanya nini haswa?

lanet_tech (Nakuru)

Mwalimu, hiyo ya sekunde 2 si unaongeza tu? Unaingia registry, HKLM\System\CurrentControlSet\Control\GraphicsDrivers, unaweka TdrDelay iwe 10 unaributi. Nimeifanyia wateja.

mwalimu_njoro (Njoro)

Inafanya kazi, sikatai, na kuna wakati ni sawa. Lakini ukiianza hiyo kwanza umefunika dalili. Badala ya skrini kuzima sekunde tatu itaganda sekunde tisa halafu irudi, na yeye atadhani ni AutoCAD ni nzito. Mwache apime kwanza akiwa bado anaona.

mchoraji_ksm (Kisumu)

Mwalimu asante sana, umenieleza venye hakuna mtu amewahi nieleza. Nimeangalia hizo 4101, ziko 14 kwa wiki tatu, na kitu nimeona kimenishangaza, karibu zote ni kati ya saa moja na saa nne usiku. Mchana ziko mbili tu. GPU HANG sijaiona hata moja.

VirtualBox ni 7.0, niliapdeti kutoka 6.1, lakini Guest Additions ndani ya Windows bado imeandikwa 6.1, sikujua zinafaa kufanana.

Hiyo ya usiku nimefikiria joto, lakini Kisumu joto ni mchana, usiku hewa ya ziwa inaingia hata feni inanyamaza. Kitu pekee ni stima, huku kwetu hizi wiki stima imekuwa ikipotea jioni, nakaa na betri mpaka irudi.

hesabu_bungoma (Bungoma)

Kaka hapo kwa betri ndio uangalie. Umeweka kitu cha kupunguza matumizi ya betri? Kama TLP?

mchoraji_ksm (Kisumu)

Dada umejuaje. Niliweka TLP mwezi uliopita kwa sababu betri ilikuwa inaisha haraka, nikafungua /etc/tlp.conf nikaondoa alama ya # kwa mistari yote niliona ina neno BAT. Nimeenda kuangalia sasa hivi, kuna hii:

CPU_MAX_PERF_ON_BAT=30

mwalimu_njoro (Njoro)

Basi tumempata. Hiyo 30 ni mfano wameandika ndani ya faili, inakaa imefungwa na # mpaka mtu aifungue. Maana yake stima ikienda, prosesa yako inafungwa isipite asilimia 30 ya nguvu zake, na hapo ndani kuna Windows, AutoCAD, na Ubuntu inajaribu kuigiza kadi ya picha. Sekunde 2 hazitoshi hata kidogo. Rudisha # kwa huo mstari, piga sudo tlp start, halafu ukae na betri makusudi ujaribu. Badilisha kitu kimoja kimoja tafadhali, usifanye zote siku moja kwa sababu hutajua ni gani ilisaidia.

Ukimaliza hiyo, Windows ishuke hadi 4GB, Guest Additions uweke ya 7.0, na kwa Display ya VirtualBox hakikisha video memory ni 128MB, kontrola iwe VBoxSVGA kwa Windows. Hiyo VMSVGA ni ya wageni wa Linux. 

ramani_kk (Kakamega)

Samahani kuingilia, nafanya kazi kama yako. Mipaka ya mashamba ni mistari tu, ni 2D, 3D unaitakia nini? Ndani ya AutoCAD andika GRAPHICSCONFIG, enta, zima hardware acceleration, yaani kadi ya picha isisaidie kuchora. Mistari itakuwa na kingo za ngazi ngazi kidogo kwa skrini lakini kwa plota inatoka safi vile vile, pointi zako haziguswi. Mimi nilizima nikasahau maneno ya draiva. Na weka SAVETIME iwe 5, kila dakika 5 inasevu nakala, hata ikianguka hupotezi usiku mzima.

mchoraji_ksm (Kisumu)

Wakuu nimerudi, ni siku tisa zimepita.

Siku ya kwanza nilitoa ile ya TLP peke yake. Jioni stima ilipoenda nikachora masaa mawili na betri, nikapata 4101 moja tu, na nilikuwa nimefungua brauza na tabo nyingi. Siku ya tatu nikashusha RAM ya Windows hadi 4GB, swap ikatulia, kutoka hapo sijaona 4101 hata moja, betri ama stima. Guest Additions nikaweka ya 7.0, hapo kilichobadilika ni dirisha, sasa nikilivuta Windows inajipanga yenyewe bila kuchanika. Ile ya GRAPHICSCONFIG niliijaribu mwisho, kaka wa Kakamega ni kweli kabisa, kwa karatasi hakuna tofauti, lakini nimeirudisha kwa sababu macho yangu yanachoka na zile ngazi nikikaa nayo siku nzima. Nimejua iko, mashine ikianza kulemewa naizima. SAVETIME iko 5.

Betri sasa inaisha haraka kidogo. Nimeweka CPU_MAX_PERF_ON_BAT=70 na imekubali.

VMware pia niliijaribu, nilikopa bando la rafiki nikaidaunlodi nikaweka Windows nyingine mpya, maana nilikuwa nimeuliza na nilitaka nijue kweli. Lanet umesema ukweli, kuzumu ni laini kuliko VirtualBox, na ule mstari wa preferences ulihitajika vile ulivyosema. Lakini Ubuntu iliapdeti keneli (kiini cha mfumo) juzi, nikiwasha VMware ikaniambia lazima ijenge upya vipande vyake vya keneli, vmmon na vmnet, ikashindwa, na kuna mteja amekaa kwa benchi ananiangalia. Nilirudi kwa keneli ya zamani kupitia menyu ya kuwasha ndio nikafanya kazi.

lanet_tech (Nakuru)

Hiyo ya keneli ni kweli, inasumbua, mimi keneli nimeifunga isijiapdeti mpaka nijue VMware imeifikia. Kama mashine ni ya mkate wako na haina RAM ya kutosha, kaa VirtualBox, siwezi kukusukuma. Ukiongeza RAM ikawa 16GB jaribu tena.

hesabu_bungoma (Bungoma)

Nafurahi imetulia kaka. Wale ndugu wanne walipata ramani yao?

mchoraji_ksm (Kisumu)

Walipata dada, asubuhi hiyo hiyo saa tatu, na mzee wao akaikunja akaiweka kwa mfuko wa koti. Kesho seveya anarudi na vipimo vya mashamba sita kutoka upande wa Luanda, na wametangaza stima itakatwa kutoka saa tatu asubuhi. Betri nimeijaza.