Outlander ya kuchaji au Leaf ya umeme mtupu, kwa mtu wa Bunju

Bunju_B
Wakuu, za jioni. Nakaa Bunju, kazi Posta. Kwenda na kurudi kama kilomita 70, siku tano kwa wiki, na foleni ya Mwenge mnaijua. IST yangu imechoka. Nimepata gari mbili za Japani, bei zinakaribiana: Outlander PHEV ya 2015 (ya kuchaji, ila ina na injini ya petroli) na Leaf ya betri ya kWh 40, yaani uniti 40 za LUKU. Shemeji yenu anataka Outlander, eti Leaf itatuacha njiani tukienda Dodoma kwa wazee, mara tatu kwa mwaka. Naomba anayeziendesha ajibu, sio wa kusikia. Ipi inakula hela?

Tegeta_Kwetu
Outlander, usiulize mara mbili. Leaf betri ikichoka na joto hili la Dar unabaki na pambo la uani.

Baba Zuu
Mkuu Bunju, Outlander ninayo mwaka wa tatu. Leaf ni ya mdogo wangu, tunachaji ukuta mmoja hapa Goba, LUKU nanunua mimi (hilo ni kesi ya familia).

Betri ya Outlander hiyo ni kWh 12. Makaratasi ya Japani yanasema kilomita 60 kwa umeme tu. Mimi napata 33, AC ikiwaka 30. Kazi yangu iko Mbezi Beach, ndiyo maana naipenda: sheli nakwenda mpaka nasahau kifuniko cha tenki kiko upande gani. Wewe sio mimi. Utatoka Bunju imejaa, ukikaribia Salender umeme umekata, na kurudi kote ni petroli.

Sasa hesabu. LUKU ya 10,000 inanipa uniti 28. Outlander usiku inakula uniti 10, kama 3,600. Kilomita 40 zilizobaki, lita inakupa 12 kwenye foleni. Tuseme petroli 2,900, hiyo ni 9,600. Jumla 13,200 kwa siku. Leaf kwa hizo 70 inataka uniti 12 na nusu, 4,500 hivi. Kwa siku 22 umeokoa karibu laki na tisini kila mwezi, na hujabadilisha oili wala plagi, maana Outlander bado ina injini nzima ya kulisha. Ila kama ofisini kuna soketi na bosi hana kinyongo, nirudie, hesabu inageuka.

Tegeta ana nusu ya haki. Betri ya Leaf haipoozwi kwa maji, joto linaila. Kwa hiyo usinunue kwa rangi. Kulia kwenye dashibodi kuna vijumba 12 vya afya ya betri, vinapungua betri ikichoka, vihesabu kabla ya kutuma hela.

Na usichaji kwa ekstensheni! Yangu iliyeyuka, niliamka saa nane usiku nyumba inanuka plastiki, plagi imegandia kwenye soketi. Fundi akanivutia waya mnene peke yake kutoka kwenye breka.

Dodoma pandeni SGR, 31,000 mtu mzima daraja la kawaida. Outlander mafuta ya kwenda tu yanazidi laki.

Tegeta_Kwetu
Na ile Leaf ya mdogo wako iliyovutwa kwa kamba mwaka jana?

Baba Zuu
Hahaha, unakumbuka. Ilikuwa kale kabetri kadogo ka volti 12 huku mbele, kama ka gari lolote. Kakifa, gari haiwaki hata kama betri kubwa imejaa. Tukabadilisha, ikaondoka.

Bunju_B
Wakala katuma picha ya Leaf: vijumba 11. Shemeji yenu kakubali treni, ila kasema mizigo ya wazee nitabeba mimi. Niombe punguzo?

Baba Zuu
Omba. Na atume nyingine, kilomita zionekane. Hiyo kazikata kwa makusudi.