Kugeuza sayanotaipu kuwa kahawia: bluu inapauka, weupe unachafuka

Fundi_Ujiji: Habari wakuu. Napausha sayanotaipu (picha za bluu zinazochapwa kwa jua kwenye karatasi iliyopakwa kemikali za chuma) kwa magadi, kisha naziloweka kwenye chai. Bluu inaanza kufifia mapema, wakati wa kusuuza kwa maji ya ziwa, na sehemu nyeupe zinatoka rangi ya chai ya maziwa. Kosa liko kwenye karatasi au chai?

Kivuli_Kgm: La kwanza ni maji, mkuu. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9, yaani ni ya alkali (kinyume cha asidi), na bluu hii haivumilii alkali. Ndiyo maana magadi yanaifuta. Suuza ya kwanza weka kijiko kimoja cha chakula cha siki nyeupe kwa lita, au tumia maji ya mvua. Asidi kali usiitumie kabisa: ikikutana na ferisianidi (mojawapo ya kemikali za sayanotaipu) inaweza kutoa gesi ya sumu. Karatasi ya fotokopi nayo iache, nyingi zina chokaa ndani.

Tabora_Chapa: Naongezea kuhusu magadi. Ya sokoni yana chumvi na udongo, kila bonge na nguvu yake. Heri sodiamu kaboneti, gramu 5 kwa lita. Tumbukiza picha yote kwa mpigo mmoja, isije ikatoka na mistari. Rangi hafifu zinaondoka kwanza, vivuli vizito mwisho. Ukiitoa vivuli vikiwa bado na bluu ya zambarau, chai itakupa karibu nyeusi. Ukingoja hadi yote iwe njano ya kutu, unapata kahawia. Itoe mapema kidogo, maana inaendelea kupauka hadi maji safi yaifikie. Picha utakayoipausha, wakati wa kuichapa iache juani zaidi ya kawaida.

Weupe unachafuka kwa sababu mbili. Chuma kilichobaki kwenye karatasi kinashika tanini (kiungo cha chai kinachotia rangi), kwa hiyo kabla ya yote suuza hadi maji yasiwe na unjano. Pili, chai ya moto, nzito, ya muda mrefu inapaka karatasi yenyewe. Vijiko 3 vya majani kwa lita, chuja, ipoe kabisa, halafu angalia kila dakika 10. Chai ya kijani inachafua kidogo zaidi... yaani haichafui sana kama nyeusi. Beseni liwe la plastiki, la chuma linaharibu chai.

Fundi_Ujiji: Na ikishatoka kwenye chai, siki tena?

Tabora_Chapa: Hapana, maji ya mvua dakika 10, kisha anika kivulini.