Vichwa vya wageni kwenye reli ya TAZARA: mgeni njoo, mwenyeji apone?

Geji1067 (mleta mada)

Wakuu, picha za aina moja zinajirudia. Treni ya mizigo kwenye njia ya TAZARA, mbele kichwa chenye rangi zisizo za shirika, cha pili yake hakitoi moshi, nyuma makontena na shaba. Watu wanaishia kuulizana "hicho cha nani?" halafu mada inakufa.

Naomba tuende mbali zaidi. Hii ni reli ya nchi mbili, Tanzania na Zambia, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China. Je, ni sawa waendeshaji binafsi walete vichwa vyao, walipie njia tu, waondoke na mzigo?

Msimamo wangu ni kwamba ni sawa. Reli ilisanifiwa kubeba takribani tani milioni 2 kwa mwaka. Kilele chake kilikuwa kama tani milioni 1.2 mwaka 1986, na mwaka wa fedha 2014/15 haikufika hata tani 100,000. Mataruma, madaraja na mahandaki hudai matengenezo treni zipite zisipite. Anayelipa tozo apite.

Fundi_Bogi

Kabla ya kugombana, tusome picha vizuri. Rangi haithibitishi mwenye mali. Kichwa hukodishwa, huuzwa na hurudi kazini na rangi ya zamani kwa sababu kupaka rangi hakuongezi hata kilo moja ya mvuto. Angalieni haya:

Hesabu ekseli kwanza. Bogi (fremu inayobeba magurudumu chini ya kichwa) ya ekseli tatu mbele na tatu nyuma ni kichwa cha njia kuu. Ekseli mbili mbili, mara nyingi ni cha kupangia mabehewa yadi au cha njia nyepesi.

Halafu tazama kati ya vichwa viwili. Mipira ya breki ipo siku zote. Kinachotafutwa ni kebo nene ya umeme inayotoka kichwa hadi kichwa, ile yenye pini 27 kwa vichwa vinavyofuata mfumo wa Kimarekani. Ikiwepo, dereva mmoja anaendesha vyote viwili kwa mkono mmoja. Isipokuwepo na kichwa cha pili kinavuta, lazima humo ndani kuna dereva wa pili, na valvu yake ya breki imekatwa ili wa mbele peke yake ndiye afunge treni. Ukiona vichwa vya viwanda viwili tofauti, tarajia hali hiyo, maana saketi za kuongoza injini mara nyingi hazisomani.

Moshi usiutegemee. Injini ya dizeli iliyo sawa ikiwa sailensa (inaunguruma bila kuvuta) haitoi moshi wa kuonekana kwenye picha. Tazama mtetemo wa hewa ya moto juu ya ekzosi, au feni ya kipozeo kama inazunguka. Vyote vikikosekana, hicho ni kichwa kilichozimwa, kinavutwa kama behewa.

Namba ya kiwanda iko kwenye kibati pembeni, chini ya kabini au kwenye fremu. Anayepiga picha ya pua ya treni peke yake anatuletea fumbo, hajatuletea ushahidi.

Mlimba_Juu

Mleta mada, hesabu zako za tani zinafaa kwa njia tambarare. Njoo kwenye mlima, kipande cha Mlimba hadi Makambako, ndipo utaona kwa nini wengine tunasita.

Chukua kichwa cha tani 120, ekseli sita. Magurudumu yakishika reli kavu kwa asilimia 25 ya uzito, mvuto ni tani 30. Kwenye mwinuko wa 1 kwa 50, kila tani inadai kilo 20 za mvuto kwa ajili ya mlima, ongeza kama 5 kwa kona na msuguano. Kilo 30,000 gawanya kwa 25 unapata tani 1,200, na humo kichwa chenyewe kimo. Kinabaki tani 1,080 nyuma yake, yaani mabehewa 18 ya tani 60 yakiwa yameshiba.

Sasa weka kichwa kilichozimwa cha tani 120 katikati. Mabehewa mawili yameshaondoka. Ikinyesha na mshiko ukashuka hadi asilimia 18, uwezo wa nyuma ni tani 744 tu. Treni iliyopangwa kwa reli kavu inasimama hapo hapo, hasa kama mabomba ya mchanga yameziba, na huziba kweli mchanga ukishika unyevu.

Ikisimama, njia ni moja. Dereva akishaomba msaada haruhusiwi kuisogeza tena. Ama kichwa kingine kije, ama treni ikatwe: funga breki za mkono kwenye nusu ya nyuma, peleka nusu ya mbele hadi stesheni inayofuata, rudi. Muda wote huo hakuna kinachopita, hata treni ya abiria. Je, kichwa cha kuokoa ni cha nani, na nani analipa dizeli? Hapo ndipo "walipie njia tu" inapovunjika.

Geji1067

Mkuu hesabu nimeikubali, lakini mbona unamtwisha mgeni tatizo la mlima? TAZARA yenyewe ilianza na vichwa vya DFH2 vya China, nguvu farasi 2,000, vinavyopitisha nguvu kwa mafuta badala ya mota za umeme. Vilishindwa na mlima huo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikabidi ziletwe U30C, muundo wa kampuni ya GE ya Marekani zilizoundwa na Krupp Ujerumani, nguvu farasi 3,000. Mlima haujali kichwa ni cha nani.

Mlimba_Juu

Haujali, kweli. Ila mwenye njia anajali. Kichwa cha shirika kikifa, karakana ina vipuri vyake na mafundi wanakijua. Cha mgeni kikifa Uchindile, fundi anasubiriwa kutoka nje na yadi ina kipande cha chuma cha tani 120 kimeziba laini ya kupishania.

Mama_Ratiba

Naomba niulize kitu cha msingi. Kwa nini shirika lisiazime vichwa vya reli ya kati pale inapopungukiwa? Zote ziko Dar.

Fundi_Bogi

Dada, ni milimita 67 tu. Reli ya kati ni milimita 1,000, TAZARA ni 1,067. Kwa behewa unaweza kusogeza kila gurudumu milimita 33.5 kwenye ekseli, au kubadili bogi nzima. Kwa kichwa cha umeme-dizeli kuna mota imekaa katikati ya magurudumu, na nafasi hiyo ndiyo finyu kuliko zote. Mota iliyotoshea 1,067 inaweza isiingie kwenye 1,000. Hata reli ya tatu huwezi kuiongeza kando, maana kitako cha reli yenyewe ni kipana kuliko hiyo tofauti ya milimita 67. Ndiyo maana Kidatu mzigo unahamishwa kutoka treni hadi treni. Ukiona picha ya kichwa cha TAZARA "stesheni ya TRC" (shirika lenye reli ya kati), aliyeandika maelezo amechanganya stesheni.

SGR usiiweke humu kabisa: milimita 1,435 na nyaya za kilovolti 25.

Kibao_cha_Kiwanda

Mimi naunga mkono waendeshaji binafsi, kwa sharti moja ambalo sijaona likitajwa: kila kichwa kiandikwe mwenye mali, mwendeshaji na namba, herufi za kusomeka kutoka jukwaani.

Mnakumbuka 2017, Rais Magufuli aliposema hadharani kuwa kuna vichwa vya treni vimeshushwa bandari ya Dar es Salaam na mwenyewe hajulikani? Kama mali ya tani mia na ushee inaweza kukaa bandarini watu wakiulizana, itakuwaje ikiwa njiani na imeua ng'ombe thelathini wa mfugaji? Nani atafidia, mwenye rangi, mkodishaji au mwenye njia?

Mama_Ratiba

Hoja ya ng'ombe ni nzito kuliko inavyosikika. Na abiria je? Kwenye njia moja, wanaosubiriana stesheni ni treni ya shaba yenye mkataba wa faini ya kuchelewa, na Mukuba ya abiria isiyo na faini yoyote. Mnadhani nani atawekwa laini ya pembeni? Hili la kipaumbele liandikwe kwenye leseni, lisiachiwe mwongoza treni wa zamu.

Mzigo_Tunduma

Wakati mnabishana, malori yamepanga foleni Tunduma. Shaba haisubiri reli ipate nafuu. Mwenye mzigo hutazama vitu viwili: siku ngapi, na kama mzigo utafika mzima. Akimpata mwenye vichwa vinne vizima na mabehewa yake, atampa. Mkimkataa huyo, mzigo hauji kwa shirika, unaenda barabarani, kisha mnalipa lami.

Mlimba_Juu

Sijasema akataliwe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lenyewe ni namna ya kutoza, na hapa naomba tuwe makini. Tozo ikiwekwa kwa tani halisi za mzigo, kile kichwa kilichozimwa kinasafiri bure. Lakini ndicho kizito kuliko vyote: tani 120 kwa ekseli 6 ni tani 20 kila ekseli, wakati behewa la tani 60 lenye ekseli nne ni 15. Kinachochosha reli na taruma ni uzito wa ekseli. Kwa hiyo tozo iwe kwa tani zote za treni kwa kilomita, kichwa kikiwa hai au mfu.

Fundi_Bogi

Hapo nimekuelewa, na naongeza upande wa usalama. Kichwa kilichozimwa kina kanuni zake. Kompresa haifanyi kazi, kwa hiyo kuna koki inafunguliwa ili tangi lake lijazwe polepole na bomba la breki la treni. Ikisahaulika, mnavuta tani 120 zisizo na breki kushuka mlima. Kosa la pili ni kuacha breki yake binafsi imebana: gurudumu linaburuzwa, linapata bapa au linageuka bluu kwa joto. La tatu ni mota. Kama mota imeungua na pinioni (gia ndogo inayoiunganisha na ekseli) haikutolewa, inaweza kujifunga na gurudumu likasimama huku treni inakwenda.

Mkipata picha ya kichwa kama hicho, vuteni karibu magurudumu. Rangi ya bluu kwenye ukingo au mstari unaong'aa sehemu moja ni habari kubwa kuliko rangi ya bodi.

Geji1067

Basi nabadili kidogo: waruhusiwe, tozo kwa tani zote, dhamana ya uokoaji ilipwe kabla, na vibao visomeke. Lakini kuna jambo linaweza kufanya haya yote kuwa ya zamani. Makubaliano ya awali na CCECC, kampuni ya ujenzi ya China, yalisainiwa Beijing Septemba 2024, mkataba ukafuata 2025: miaka 30, dola bilioni 1.4, ukarabati wa njia pamoja na vichwa na mabehewa mapya. Mwenye mkataba atakuwa mwenye njia na mshindani kwa wakati mmoja.

Kibao_cha_Kiwanda

Ndilo swali lenyewe. Anayepanga ratiba akiwa pia na treni zake, treni ya mgeni itapishana na nyingine kila stesheni mpaka achoke. TAZARA ina sheria yake ya 1995 iliyopitishwa na nchi zote mbili, kwa hiyo hata mdhibiti wa usafiri wa upande mmoja hawezi kulimaliza peke yake.

Mama_Ratiba

Kwa hiyo ratiba itolewe hadharani, na sababu ya kila ucheleweshaji iandikwe. Na sisi wapiga picha tuna kazi: muda, stesheni, mwelekeo, idadi ya mabehewa, namba za vichwa. Picha bila saa haiwezi kuonyesha nani alimsubirisha nani.

Fundi_Bogi

Na upande wa kushoto wa kichwa, tafadhali. Ile picha ya mwisho iliyoletwa, bogi zinafanana na za GE lakini kabini imekatwa na mti. Mwenye picha nyingine ya treni hiyo aiweke tusome kibati.